Meza ya barua ya Mama Libérata

Mama,

Maharagi iko motoni, uongeze maji ukirudi. Nimeenda Kashebere kutafuta mbao.

Njo mimi niliyepindua mutumbwi wako wa kukamulia kasiksi, pombe ya ndizi, nikaufanya meza ya bureau yangu ya kuandikia watu barua. Nilisahau kwamba wakwe wa dada Anastasie wanakuja kunywa Jumamosi. Asubuhi Papa alicheka: "Muntu wa diplome anaandikia juu ya pombe." Wewe ulichukua jembe, ukaenda shambani. Hiyo njo iliniumiza.

~~Uuchukue leo.~~ Uuchukue kesho, tafadhali. Leo Mama Libérata anakuja kuandikisha barua ya kumtafuta mume wake aliyepotea. Barua tatu za kwanza ziliandikwa juu ya magoti, na hakuna aliyejibu. Nimemwahidi kwamba hii ya ine nitaiandika juu ya meza. Akifika mbele sijarudi, umukalishe kwenye kiti cha Papa.

Mutoto wako mukubwa,
Damien