Neno la Kwanza Baada ya Siku Tisa

Jumamosi jioni

Nilimwambia daktari wazi: huyu Kerubo wangu huwa hanyamazi. Ana miaka minne, na hakuna mtoto Ikonge nzima anayemshinda kukariri mistari ya Biblia kanisani siku ya Sabato.

Lakini tangu aharishe mpaka akashikwa na degedege, siku tisa hakusema hata "mama". Akisimama anayumba kama mlevi. Daktari alisema virusi vya kuhara vimefika ubongoni, kwamba wengi hupona, na maneno hurudi polepole.

"Polepole gani?" nikamuuliza. Akaniandikia tu tarehe ya kurudi kliniki.

Leo kanisani nilimpakata. Mama Ombati, jirani yangu, alimsimamisha mwanawe mbele akariri, pale pale Kerubo husimama. Nakiri, niliona wivu. Kijana akaanza vizuri, kisha akakwama.

Hapo nikasikia sauti kutoka mapajani mwangu: "Amesahau."

Ilikuwa nzito, ya kuvuta, lakini yake. Watu wakacheka. Mama Ombati akageuka: "Mama Kerubo, msumbufu wako amerudi."

Kutembea bado. Jumatatu tunarudi kliniki.

Ila pale kanisani, kwa mazoea ya kumnyamazisha, nilikuwa nimeshamziba mdomo. Nikautoa mkono haraka.