Mchanga wa Mama Yako

Kibanda cha Ndizi,
Kenyatta Market,
Nairobi.
8 Februari 2026

Mpendwa mume wangu Nzau,

Pokea salamu za nyanya yako, mke wako mzee. Nimekuita mume tangu ulipopewa jina la babu yako, na hata leo nikiwa na hasira sitakuita vingine. Je, unakula? Kifua kile cha utotoni hakikusumbui na vumbi la huko Uganda? Mimi magoti yananiuma, mdomo haujambo. Binamu yako Stellah ndiye anayeandika. Nimemkataza kulainisha maneno.

Nzau, mama yako hayupo. Tulimzika Kanini wiki jana, nyumbani Mwingi, kando ya baba yako. Simu yako haiingii tangu Desemba, ungeambiwa na nani?

Unajua kazi ya Stellah huko Upper Hill, kufuatilia mitambo ya kuchimba mafuta: upi unachimba, upi umesimama, upi umehamishwa. Kwenye kompyuta kila mtambo una taa yake. Ulipotuambia ukiwa Turkana kwamba kisima kikiisha utakuja kumwona mama, tukaanza kuiangalia taa yako. Stellah akitoka kazini alikuwa akipitia wodini, alikolazwa mama yako, kumwambia bado inawaka. Na Kanini alifurahi, maana kwake ile taa ilikuwa wewe mwenyewe, uko mzima.

Kabla ya Krismasi ikazimika, tukajua kisima kimeisha na unakuja. Kanini akaniagiza nimtume Jacklyne, msusi wa hapa sokoni, aende akamsuke pale kitandani. Hakutaka umkute na kichwa cha mgonjwa. Nywele zenyewe zilikuwa chache, Jacklyne akazibembeleza tu.

Halafu taa ikawaka tena, ng'ambo ya mpaka. Mimi nilitaka tunyamaze. Lakini Kanini alimwuliza Stellah, na huyu msichana hajui kudanganya. Mama yako akapapasa mistari ya nywele zake, akasema, "Basi ana kazi. Mwacheni achimbe."

Hakuiulizia tena.

Nimekukasirikia, sifichi. Unatoboa ardhi ya watu mpaka tumboni, na kaburi la mama yako limechimbwa na majirani. Lakini pasta alipomwita mtoto wa kwanza atupe mchanga, watu wakaanza kutazamana, na hilo sikuweza kulivumilia. Nikaenda mimi. Nikawaambia mume wangu yuko kazini, mimi ndiye mkewe. Wazee wakacheka na machozi yao.

Nilichota mara mbili. Mara ya kwanza nikatupa. Ya pili nikaifunga kwenye leso, iko hapa kibandani, chini ya ndizi. Hiyo ni yako.

Dada yako Philister anakusalimu, bado hajaanza kula vizuri. Barua hii anakuletea Ochola, anayewabebea mabomba kwa lori. Mungu akushike mguu usiteleze juu ya vyuma hivyo.

Usitume pesa, usipige simu. Panda hilo lori la Ochola likirudi tupu, uje uchukue mchanga wako twende Mwingi. Sitakugombeza njiani. Nitakugombeza tukirudi.

Mimi mke wako asiyeachika,
Susu Nzisa