Kadi za Safu za Nyuma

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi cha vumbi la studio kimeshakuachia. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana. Goti lake sasa linamruhusu kupanda ngazi, ingawa kwa kunung'unika.

Filamu yako, ile unayoigiza nahodha wa chombo cha anga, ilionyeshwa ukumbini kwetu Jumamosi mchana, kwa majaribio. Kazi yangu unaijua: nakata tiketi, nagawa kadi za maoni, nazikusanya. Meneja alinidokeza kwamba wengi wakimkataa nahodha, mtayarishaji atabadilisha mwisho: rubani ndiye aokoe chombo, wewe ufe katikati ya filamu. Tangu hapo sikumwamini mtu.

Nilisimama mlangoni nikiwapima kwa macho. Wasichana wa safu za mbele walikupigia makofi hadi viganja vikawawasha. Hao nikasema ni wetu. Safu za nyuma walikaa mafundi wa gereji ya jirani, na kila ulipomfokea rubani waliangua kicheko. Dalili ya mvua ni mawingu, nikajiambia. Mmoja wao alitoka kabla ya mwisho, akanitupia kadi yake bila hata kunitazama. Nilimchukia papo hapo.

Sasa dada, kaa kitako. Kadi zao kumi na tisa nilizificha ndani ya aproni bila kusoma hata moja, nikapeleka za mbele tu. Jumatatu meneja akasema nahodha amekataliwa. Wale wapiga makofi waliandika kwamba huna huruma, hulii, na mwanamke wa hivyo ataolewa na nani! Nilikimbilia chooni nikazisoma za mafundi. Kumbe walicheka kwa sababu rubani amefanana mno na bosi wao, nao hawajawahi kumwona akifokewa. Kumi na saba wanataka ubaki. Aliyetoka mapema ameandika kwamba machozi yalimshinda, akaona haya mbele ya wenzake.

Hukukataliwa, dada. Mimi ndiye niliyekukata, na naona aibu hata kuandika.

Kadi zote kumi na tisa zimo humu. Mtayarishaji anaamua Ijumaa. Mpelekee, na akiuliza nani alizificha, nitaje. Kazi nitaikosa, najua. Nikasirikie upendavyo, ila usichelewe. Mama sijamwambia, kila siku anawasimulia majirani jinsi utakavyookoa chombo.

Wasalimie wote unaofanya nao kazi.

Ni mimi mdogo wako,
Kachero