Mkono wa Mwalimu Taratibu

Nyumba ya Nyuma ya Bekari,
Jumamosi jioni, tarehe 14.

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote waliomo humu ndani. Hujambo huko? Mgongo unaendeleaje? Ulisema wale wazee unaowahudumia ni wazito na zamu ya asubuhi unawainua peke yako. Naomba usimwinue mtu peke yako, Dada. Mwite mwenzako hata kama atanuna. Na baridi imepungua, au bado unalala na soksi?

Sisi huku tu wazima, nikimtoa mmoja ambaye nitakueleza habari zake. Mwanangu anatembea sasa. Akianguka anatazama kwanza kama kuna mtu anayemwona, ndipo aamue kulia. Meno ya mbele yametoka, ananing'ata nikimnyonyesha halafu anacheka, na mimi nacheka machozi yakinitoka.

Uliponipigia simu ukasema niachane na shauri hili, nichukue leseni nifanye kazi, sikukujibu vizuri. Nilikuwa nimeshika trei ya mikate ya moto, na tena nilikuwa na hasira. Sasa nimekaa chini nikuandikie tangu mwanzo, maana naona habari aliyokusimulia Mama imefika kwako bila kichwa wala miguu.

Unajua nilikuwa najifunza udereva. Mama mwenye bekari alisema nikipata leseni ataniondoa kwenye kufunga mikate anipe lile gari dogo la kusambazia. Ningekuwa nafika nyumbani mtoto akiwa bado macho. Kwa sasa nikirudi namkuta amelala, nikiondoka namwacha amelala, na juzi alimwita jirani mama mbele yangu.

Mwalimu wangu ni mdogo wake mume wangu, yule mrefu wa kwenye picha ya harusi, ambaye watu wote wanamwita Taratibu kwa sababu ndilo neno lake. Anafundisha chuo cha udereva. Gari la chuo lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine upande wa mwalimu, ili mimi nikiharibu yeye aokoe. Na ana sheria yake: ukiwa kwenye usukani unasikiliza sauti moja tu, ya mwalimu. Mtu apige honi, atukane, agonge kioo, wewe subiri mwalimu aseme. Ni sheria nzuri. Imewaokoa watembea kwa miguu wengi ambao hata hawajui.

Siku ya mkasa nilikata kona vizuri kabisa, ila nikasahau kuzima indiketa. Mbele walikuwa askari wawili wa barabarani. Mmoja mnene akanyoosha mkono. Nikasimama pembeni kama nilivyofundishwa, gari likiwa kwenye gia, mguu wangu kwenye klachi, na Taratibu akakanyaga breki yake. Yule mnene akaja dirishani kwangu akasema, "Zima gari."

Mimi nikamgeukia Taratibu. Sikufikiri, Dada. Shingo ilikwenda yenyewe.

"Nasema na wewe. Unamtazama nani?"

Taratibu akainama kidogo ili aonekane, akasema kwa ile sauti yake ya kubembelezea wanafunzi, "Samahani afande, huyu anajifunza. Ngoja nimwambie mimi. Taratibu tu, afande."

Basi, hapo ndipo alipoharibu.

"Taratibu? Wewe ndiye wa kunifundisha kazi?"

Akazunguka mbele ya gari, akafungua mlango wa upande wa mwalimu. Taratibu alikuwa amemgeukia, amenyoosha mkono wa kulia kumpa kitambulisho chake cha chuo, kwa adabu zote unazomjua nazo. Askari akaukamata mkono huohuo akavuta. Taratibu hatoki, kwa sababu amefunga mkanda. Askari anavuta huku, mkanda unavuta kule, na katikati ni bega la mtoto wa watu.

"Ahaa, unakataa kushuka."

"Mkanda, afande. Mkanda."

Akachomoa kirungu akampiga kwenye kiwiko. Akarudia. Sauti yake sitaki kukuandikia.

Alipovutwa hivyo, mguu wa Taratibu ulitoka kwenye breki. Mimi kwa woga nikaachia klachi. Gari likaruka mbele mara moja likazimika, na mlango ukamgonga askari nyongani. Hakuanguka, hakuchubuka. Yule mwenzake kijana ndiye hatimaye aliyeingiza mkono akafungua mkanda. Kubonyeza tu, tik. Hilo linaniudhi kuliko yote, kwamba lilikuwa jambo la kubonyeza.

Wakamfunga pingu na mkono ule ule. Alilala kituoni, na asubuhi hospitali ikasema bega limeteguka na mfupa wa kiwiko umevunjika. Wamemshitaki kwamba alimzuia askari kufanya kazi. Gari la chuo wamelishikilia mpaka leo, limeegeshwa uani kwao, ndege wanalifanyia wanavyotaka.

Sasa shika hapa, Dada, maana ndipo penye jambo. Askari ameandika kwamba gari liliruka kwanza, kwamba tulitaka kumgonga tukimbie, ndipo akamtoa mwalimu kwa nguvu ili kujiokoa. Mimi najua kilichotangulia. Alimvuta kwanza, akampiga, gari likaruka baadaye. Ndani ya gari tulikuwa wawili tu, na mmoja ndiye anayeshitakiwa.

Tena usisahau kwamba mtihani wa udereva unasimamiwa na kituo hichohicho. Mwenye chuo akaja hapa nyumbani amevaa shati la Ijumaa, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama anayeogopa kukichafua. Akasema wakubwa wa kituo si watu wabaya. Akasema Alhamisi nitapita mtihani bila wasiwasi na shitaka la Taratibu litafifia lenyewe, mradi mimi niseme tu kwamba sikuona vizuri.

Nikamuuliza, "Nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega. Nisione kwa sababu gani?"

"Woga, mama. Mtu akiogopa haoni."

"Mimi nikiogopa ndio naona zaidi."

Taratibu alikuwepo, mkono umefungwa plasta umening'inia shingoni, anakula kwa mkono wa kushoto na kijiko kinapotea njia. Badala ya kunisaidia akaniambia, "Shemeji, chukua leseni. Mkono utapona." Nilitamani kumfinya. Nikamtazama mume wangu aseme neno lolote, maana ni mdogo wake yeye, si wangu. Akasema, "Wewe ndiye ulikuwa kwenye gari," halafu akachukua bisibisi akaenda kukaza bawaba za mlango wa jikoni ambazo hazikuwa na neno. Wanaume wa nyumba hii wananichosha. Mmoja anasamehe kila kitu, mwingine anakaza bawaba.

Na wewe ukapiga simu. Na Mama naye. Kila mtu ananipa leseni, kasoro wanaotakiwa kuitoa.

Usiku huo sikupata usingizi mzuri, na kulipokucha nikambeba mtoto nikaenda ofisi ya malalamiko ya polisi. Kwanza nikaambiwa anayehusika hajafika. Akafika, nikaambiwa anakunywa chai. Akamaliza chai, nikaambiwa nikatoe nakala ya kitambulisho, na duka la nakala halina umeme. Mtoto alikuwa ameshalamba benchi lote. Nikazunguka mpaka nikapata nakala mtaa wa pili, nikarudi nikakaa palepale. Nadhani waliniandikia ili niondoke.

Aliyeniandikia, naye amevaa sare, ana mwandiko mzuri, kasoro masikio. Nikisema askari alimvuta, yeye anaandika alimsaidia kushuka. Akanisogezea nitie sahihi. Nikamwambia ngoja nisome. Akasema ni hayohayo niliyoyasema. Nikaweka kidole nikasoma kwa sauti, neno kwa neno, na unajua ninavyosoma, kama mtu anayevuka mto kwa kuruka mawe. Watu kwenye foleni wakaanza kukohoa.

"Hapa umeandika alimsaidia."

"Ni lugha ya kiofisi, mama."

Nimeishia shule ya msingi, lakini kati ya kusaidia na kuvuta najua tofauti. Nikamwambia afute. Akafuta. Mbele ameandika "alitumia nguvu kiasi." Nikasema aandike kirungu, na aandike kiwiko. Akaandika huku akipumua kwa pua.

Halafu nikamwambia aandike pia kwamba niliachia klachi kwa woga na ndiyo sababu gari liliruka. Akainua kichwa. Akasema hilo litaniumiza mimi mwenyewe. Nikasema ndivyo ilivyokuwa. Nikifuta la kwangu atafuta na la askari. Kwa hiyo nimeshatia sahihi, Dada, na ndiyo maana nakuomba usinipigie tena kunishawishi. Hakuna cha kushawishi.

Ila alipolifunga faili akaniuliza, "Na aliyeumia mwenyewe yuko wapi? Bila yeye hii ni karatasi ya shemeji tu." Taratibu alikuwa ameapa hatatia mguu ofisi yoyote yenye sare.

Alhamisi ya wiki iliyopita nikaenda kwenye mtihani. Waliitwa wote. Akaitwa mpaka kijana mmoja aliyegonga pipa. Mimi sikuitwa. Nikauliza mezani, nikaambiwa jina langu halionekani. Nikasema labda mtazame vizuri. Askari akasema, "Wewe si ndiye wa malalamiko? Subiri." Nikasubiri mpaka wakafunga meza wakaibeba. Mama mwenye bekari amenivumilia sana, lakini amesema mwisho wa mwezi ataajiri dereva mwingine, na simlaumu, mikate haisubiri.

Mambo yalipofika hapo ndipo tukaanza shule ya viti. Gari hatuna, basi napanga viti viwili sebuleni, kifuniko cha sufuria ndio usukani, na Taratibu anakaa kando anafundisha. Mtoto anakaa nyuma juu ya ndoo kama abiria aliyelipa. Naendesha mpaka natoka jasho.

Juzi nikamwambia, "Shemeji, jifanye yule askari. Nifokee nizime gari, nizoee, siku ya mtihani shingo isigeuke."

Akasema sawa. Akajiweka vizuri, akafungua mdomo. Sauti haikutoka. Akafunga, akafungua tena. Akaushika mkono wa plasta kwa ule mzima. Mtu aliyefundisha nusu ya mji huu kuingia barabarani bila woga, Dada, ameshindwa kusema maneno mawili kwenye kiti cha jikoni. Mtoto alikuwa anamtazama. Nami nikaweka kifuniko chini.

Kisha akasema, bila kunitazama, "Kesho kabla hujaingia bekari, twende wote kwanza. Unionyeshe hiyo ofisi."

Jana tulikwenda. Mume wangu naye aliomba ruhusa kazini akaja, akasimama mlangoni muda wote. Taratibu alieleza yote kwa sauti yake ileile ya chini, hakumtukana mtu, na kila aliposema "akanivuta" niliinama kuangalia karatasi, na palikuwa pameandikwa akanivuta. Mwisho akapewa kalamu. Akaishika kwa mkono wa kushoto, akatia sahihi polepole, ikatoka imepinda kama ya mtoto wa darasa la kwanza.

Mwandishi akaichukua, akailinganisha na ile ya kwenye kitambulisho, akatikisa kichwa. "Hazifanani. Hii siwezi kuipokea."

Taratibu akamjibu kwa upole kabisa. "Hazitafanana, afande. Ile niliandika kwa mkono mliouvunja."

Akaipokea. Akapiga muhuri mara mbili, ingawa mmoja ungetosha.

Tumepangiwa kuitwa, na tukiitwa tutakwenda wote. Alhamisi ijayo kuna mtihani tena, nami nitakuwa kwenye benchi lao, nimenyoosha nguo. Leseni nitaipata tu, kwa sababu naendesha vizuri, na wao wanajua.

Mume wangu anakusalimu, na Mama, ambaye sasa hasemi kitu ila anamletea Taratibu uji. Taratibu mwenyewe anakusalimu sana. Wasalimie binamu yetu mshonaji na yule rafiki yako anayekukopesha koti. Mwanangu amekuchorea hapo chini, usigeuze karatasi, juu na chini ni palepale.

Mungu akulinde, aupumzishe mgongo wako, na akuletee watu wa kuinua pamoja nawe.

Ni mimi, kitindamimba wenu, ninayekupenda hata unaponigombeza kwenye simu.