Kwa Hezekiah Kiptanui, Hafu wa Timu Sita

Mwaka umetimia, Baba Jepkoech, tangu Jumatano ile ya mvua uliyotuacha. Ilikuwa tarehe 15 Mei 1957, kule Molo, katika nyumba ambayo nilikuwa sijatundika hata pazia, kwa sababu tulikuwa tumehamia miezi miwili tu. Mimi mkeo Chepkemei ndiye ninayeandika, kwa niaba ya wote waliotajwa hapa chini. Mama yako ameketi karibu nami. Ananikumbusha hiki na kile, halafu ananionya nisiandike mambo mengi gazetini. Nimemwambia mtu aliyehama kama wewe hawezi kuenea katika maneno machache.

Watu wa mpira wanakujua. Nikikutana nao sokoni wanasema, "Ah, Kiptanui, yule hafu," kisha wanakwama hapo, hawajui waseme hafu wa wapi. Na kweli ungekuwa wa wapi? Mwaka 1950 ulichezea shamba la mahindi la Rongai, ulikozaliwa. Mwaka uliofuata watu wa maziwa wa Ndabibi walikuona, wakakuita. Ikaja ngano ya Mau Narok. Likaja ghala la nafaka mjini Nakuru, misimu miwili, na kiwanda cha mbao Elburgon, misimu miwili tena. Mwisho ilikuwa pareto ya Molo, nako hukumaliza hata msimu mmoja.

Asiyejua mambo ya huku atadhani ulikuwa mtu asiyetulia. Lakini timu zetu ni za kazi. Hakuna anayelipwa kucheza. Unapewa kazi, na ukishapata kazi unapewa jezi. Kwa hiyo mikono yako ilifanya kila kibarua kwa sababu ya miguu yako. Ulikamua ng'ombe Ndabibi, ukashona magunia Mau Narok, ukapanga mbao Elburgon. Yule ng'ombe mwekundu wa Ndabibi alipokupiga teke la goti, nilisema huyo ndiye beki bora kuliko wote wa shamba lile. Hukucheka siku hiyo. Ulicheka baada ya wiki mbili, goti lilipopona.

Ulikuwa unaingia nyumbani, unavua kofia, unasema, "Mama Jepkoech, funga sufuria." Nami nilikuwa nakujibu, "Hizi sufuria hazijapoa bado na safari ya juzi." Lakini nilifunga. Tukifika mahali papya uliuliza kwanza uwanja uko wapi, kisha maji, kisha kanisa, na mimi nilikugombeza kwa kuliweka kanisa nyuma. Leo nyumba hii imetulia. Sufuria zimekaa mahali pamoja mwaka mzima, na sipendi kuziona zimekaa hivyo.

Mimi sikuujua mpira mpaka ulipokuja kunioa. Nilidhani anayefunga bao ndiye mchezaji, na wengine wanamsindikiza. Wewe hukuwa mfungaji. Mabao yako yote ya miaka saba ni mawili, na moja kati ya hayo uliwafunga wenzako wa Mau Narok kwa kichwa. Kazi yako ya hafu ilikuwa kuuchukua mpira kwa mabeki, kuupeleka kwa wale wa mbele, kisha kurudi kuuchukua tena, tangu kipenga cha kwanza mpaka cha mwisho. Watu walishangilia fowadi. Siku moja nilikuuliza kama hilo halikuumi. Ulisema, "Bila mtu ya kuleta maji, hakuna mtu ya kupika." Ukaendelea kunywa mursik yako, maziwa ya kibuyu niliyokuwa nakutengenezea kila Ijumaa na kuyaficha watoto wasiyafikie.

Ukarimu wako ulikuwa wa kimya, hata mimi uliniudhi mara nyingine. Pale Nakuru ulicheza mbele ya Thuo, yule beki wa kushoto mwenye kicheko kikubwa. Mwishoni mwa 1953, wakati wa Hali ya Hatari, lori la serikali lilipokuja kambini kwetu kuwachukua Wakikuyu kuwapeleka kizuizini, Thuo alipita dirishani kwetu na viatu vyake vya mpira. "Hezekiah, niwekee hii viatu," alisema. Ulimjibu neno moja tu, kwamba utaviweka, na lori likaondoka naye.

Kila mwezi ulivipaka mafuta ya ng'ombe. Tulihama navyo kwenda Elburgon, tukahama navyo kwenda Molo, vimefungwa katika gunia lao peke yao kama wageni. Vyako vilikuwa vimetoboka mpaka kidole gumba kinachungulia, na miguu yako na ya Thuo ilikuwa sawasawa. Nilikuomba uvivae japo siku moja ya mvua. Ulikataa. "Ni vya mwenyewe," ulisema. "Akirudi akute vimekwisha, nitamwambia nini?"

Na jezi ilikuwa vivyo hivyo. Kila ulipohama timu, mimi ndiye niliyeifua jezi, nikaianika, nikaikunja, nawe ukaipeleka kwa kepteni siku hiyo hiyo. Ile ya bluu ya Nakuru niliitamani. Nilikuomba uiache iwe ukumbusho, nikasema watu wa ghala wana nguo nyingi, hawatajua. Ulinitazama, ukatabasamu. "Jezi ni ya timu, Mama Jepkoech. Yangu ni jasho, na hiyo wewe umeshafua."

Ile ya kijani ya Elburgon ndiyo iliyonipa kazi kubwa. Ulikwenda kuuokota mpira, ikachanika begani kwenye waya wa senyenge. Sikuwa na kitambaa cha kijani, nikakata kipande cha leso yangu ya njano nikakutilia kiraka. Wenzako wakakuita Kiraka msimu mzima. Uliporudi nyumbani ulijifanya umekasirika, lakini nilikusikia ukiwaambia majirani kwamba hicho ni kiraka cha bibi yako, na kwamba jezi itachakaa yote kibaki chenyewe.

Jumamosi tarehe 11 mlicheza Molo mvua ikinyesha mpaka mstari wa uwanja haukuonekana. Ulirudi umelowa, ukakaa jikoni ukitetemeka, ukisema ni baridi ya Molo tu, itazoeleka. Jumatatu kichomi kilikushika. Jumatano hukuwepo.

Tulikuzika hapa kwa mama yako, karibu na Ravine. Wenye mpira wanaijua desturi ya huku: mchezaji akifa, wenzake huja wamevaa jezi, hubeba jeneza, na mpira huwekwa juu yake. Tulingoja. Mchungaji alitazama saa mara tatu. Mwisho aliniinamia akaniuliza kwa upole, "Mama, marehemu alikuwa wa timu gani?" Nilianza kumhesabia kwa vidole, Rongai, Ndabibi, Mau Narok, naye akakifunga kitabu chake. Ndugu yako Kimaiyo na majirani watatu wakakubeba, na juu ya jeneza hapakuwa na kitu.

Niliumia sana, Baba Jepkoech. Sikuumia kwa ajili yangu. Niliumia kwa sababu ulikuwa umewapelekea mpira watu wa timu sita, na siku ya kubebwa hakutokea hata mmoja. Kwa miezi mingi sikutaka kusikia neno mpira. Mwanao Kipsang alifunga matambara yake akapata kampira, nikamnyang'anya nikakatupa darini. Mama yako aliniambia nimekosea, nami nilijua nimekosea, lakini sikukashusha.

Mwezi wa Januari Thuo alirudi. Amekonda, na kile kicheko kimepungua, ila ni yeye. Alikuja kuchukua viatu akitegemea kukukuta mlangoni. Nilimletea gunia lake. Aliketi karibu na kaburi lako, viatu mapajani, akivigeuza geuza, akikuta hata kamba ulikuwa umezibadilisha. "Miguu yangu imekuwa nyembamba," alisema, "lakini nitavaa na soksi mbili." Kisha akauliza ni timu gani iliyokubeba. Nilimweleza. Alikwenda akamwandikia barua Masinde, yule golikipa aliyecheza nanyi Nakuru, kisha akakufuata wewe Elburgon.

Jumapili iliyopita Masinde mwenyewe akaja, na kifurushi cha gazeti kwapani. Alikataa kuketi kabla hajasema alilokuja nalo.

"Mama Jepkoech, sisi watu ya Elburgon tulifikiria watu ya Molo watakuja," alisema. "Hao wa Molo walifikiria ni sisi, kwa sababu kwetu alikaa miaka miwili na kwao miezi miwili. Wa Nakuru nao wakasema, huyu alituacha zamani, ana wenyewe. Basi kila mtu alikaa kwake. Sasa barua ya Thuo imefika, wanagombana. Kila timu inasema, Kiptanui alikuwa wetu."

Nilitaka kumkasirikia, nikajikuta nacheka, nikicheka na kulia pamoja. Ungecheka na wewe. Wa Molo, wa Elburgon, wa Nakuru na wengine wote mnaosoma hapa, hatuna kinyongo nanyi tena. Lilikuwa kosa la watu waliopendana bila kuulizana.

Ndipo Masinde akafungua kifurushi. Nilikiona kiraka changu kabla hajaikunjua jezi yote.

"Kaa nayo, mama," alisema. "Nitaambia kepteni imepotea."

"Na huyu hafu wenu wa sasa atavaa nini?"

Masinde akakuna kichwa. "Jezi ni kumi na moja tu. Atavaa shati yake."

"Refa atakubali?"

"Refa wa siku hizi ni mkali. Bila jezi unakaa nje." Akatazama chini. "Lakini wewe kaa nayo tu. Jumamosi tunacheza na Njoro, tutajua wenyewe."

Akaondoka, akaniacha nayo. Hapa ndipo ninapokuhitaji, Baba Jepkoech, maana hakuna wa kumuuliza. Katika nyumba hii hakuna nguo yako ya mpira hata moja. Koti lako la kanisa tulikuzika nalo. Picha yako hatuna. Niliinusa jezi, haina harufu yako. Ina harufu ya mbao na ya mtu mwingine. Bado sikutaka kuiachia. Kipsang aliivaa ikamfika miguuni, akatembea nayo uani kama askofu. Jepkoech, ambaye sasa ana miaka minane na anakukumbuka vizuri, aliweka kidole juu ya kiraka akauliza, "Hapa ndipo bega la Baba lilikuwa?" Nikamwambia ndipo. Mama yako alisema, "Iweke. Mwanangu hakubakiza kitu kingine." Siku tatu nzima nilikubaliana naye.

Jana nilikuwa natafuta sindano, nikalifungua lile kopo la mafuta ya ng'ombe uliyokuwa ukipakia viatu vya Thuo. Chini mlikuwa na alama ya kidole chako. Nilikumbuka kile kidole gumba cha mguu kikichungulia kwenye tope la Elburgon, na viatu vizima vimelala nyumbani kwenye gunia. Nikamfikiria huyo hafu wa sasa, nisiyemjua hata jina, akikaa nje ya mstari Jumamosi na shati lake, kwa sababu mke wa Kiptanui amekaa na jezi ya watu.

Basi nimeifua. Nimeianika juu ya ua, imekauka kwa jua la adhuhuri. Kiraka kilikuwa kimeachia upande mmoja. Nimekishona upya kwa uzi mara mbili. Mama yako akaniletea pasi ya makaa. Jumamosi alfajiri tutapanda basi hadi Nakuru, na treni hadi Elburgon, nami nitamkabidhi kepteni jezi yake mkononi, imekunjwa, kama kawaida yetu. Kampira ka Kipsang nimekashusha darini, atakuja nako.

Tutakaa pembeni ya uwanja. Sitamwangalia fowadi. Nitamwangalia namba nne mwenye bega la njano akiuchukua kwa mabeki na kuupeleka mbele, na kurudi tena. Watu wakishangilia bao, mimi na watoto wako tutampigia yeye makofi.

Unakumbukwa na mama yako Jepkorir, mkeo Chepkemei, watoto wako Jepkoech na Kipsang, ndugu yako Kimaiyo na jamaa yake, rafiki zako Thuo na Masinde, pamoja na wote uliowapelekea mpira kutoka Rongai hadi Molo. Ibada itakuwa Jumapili hii hapa nyumbani karibu na Ravine, baada ya kanisa. Timu zote sita zinakaribishwa, na safari hii msingojane.

Tutakukumbuka siku zote, Baba Jepkoech, na Jumamosi zaidi.