Mbuzi ya Nazi Ndani ya Woolwich

Kibonge ndugu yangu, hujambo? Kadi hii usimsomee Bibi! Ile likizo anayodhani nakuja Wete, mie naipangia kisiwa kimoja katikati ya Pasifiki, mbali mpaka ndege haitui, unafika kwa meli tu. Sasa sikiliza. Kazini wamenikutanisha na mama mmoja mzaliwa wa huko, anakaa huku huku ughaibuni, hapa Woolwich. Jana kanialika flat kwake anieleze safari. Nimeingia jikoni nimeloa mvua chepechepe, wallahi nikashika ukuta! Mama kakalia mbuzi, anakuna nazi! Na juu ya gesi shelisheli linachomwa, harufu kama kwetu. Nikapiga kelele, "Mama, bibi yangu anayo mbuzi kama hii!"

Akacheka mpaka machozi. "Bibi yako yu hai?"

"Yu hai, ananisubiri."

"Basi kwetu unafuata nini, mwanangu?"

Nikamega shelisheli alilonipa, lingali moto. Kibonge, mwaka huu likizo ninayo hii moja tu, na tiketi bado sijakata. Nibusie watoto, nawapenda sana. Hebu niambie kweli, ungekuwa weye ungekwenda wapi?