Mwanakondoo wa Wavunaji

Jumamosi, 17 Desemba
Kombaini ya Bebo, mvunaji wa kukodi, imefika saa tano, moja kwa moja kutoka shamba la jirani Schroh. Huyo mtu! Mwaka mzima ananitambia ngano yake ya maabara: anapiga sumu shamba zima, magugu yanakufa, ngano inadunda. "Wewe endelea kung'oa kwa mkono, Mirta. Mgongo ni wako." Akafie mbele!

Nimewachomea wavunaji mwanakondoo. Desturi ya marehemu baba — mvunaji haanzi kazi na njaa. Bebo alitaka kwanza kuipuliza mashine, zitoke punje za Schroh. Saa mbili nzima! Nikamkemea: nyama inakauka, na mawingu yale huyaoni? Wakala nyama, wakavuna hivyo hivyo. Mbegu nimeifungia bandani. Mbegu ya baba, mwaka wa arobaini na moja sasa.

Jumatano, 14 Juni
Nimemaliza kupanda ile mbegu ya bandani. Baridi mpaka kwenye mifupa. Irma mwenye kinu cha unga, mnunuzi wangu, amepita, akarudia wimbo wake: akikuta punje ya maabara, hachukui hata bure. Kwangu? Nimecheka.

Ijumaa, 21 Julai
Irma kapiga simu. Amepima gunia langu la Desemba. Zimo punje za maabara! Amerudia mara tatu.

Nimekwenda kwenye waya wa mpaka wetu kumtukana Schroh — upepo wako, uchafu wako, mwizi wa shamba la watu! Mbwa wote wamebweka. Yeye anafyonza tu chai yake kibuyuni. Kisha: "Ngano hairushi chavua hivyo, jirani. Kombaini ilitoka kwangu. Muulize Bebo aliipuliza wapi."

Sikumuuliza Bebo.

Jumatatu, 24 Julai
Irma atakuja tarehe tatu kuangalia shamba. Kama zimo chache, nizing'oe, ataninunulia. Kama nyingi, basi. Lakini kwa macho zinafanana! Schroh anasema njia ni moja: nyunyiza sumu mistari kumi. "Zako zitakufa, zangu zitasimama. Utahesabu." Nilimwambia sumu haijawahi kukanyaga hapa.

Jioni nimekwenda kuazima pampu yake. Amenijazia mwenyewe, wala hakunitania. Namchukia zaidi.

Alhamisi, 3 Agosti
Naandika shambani, nimekalia pampu.

Ngano ya baba imelala, njano tupu, mistari yote kumi. Na katikati yake imesimama ile nyingine. Kijani! Imenawiri! Nimehesabu mpaka sitini na nne, nikaacha, na nilikuwa bado mstari wa pili. Schroh yupo kwenye waya, kavua kofia. Afadhali angecheka, ningepata wa kumpiga.

Nimeng'oa mche mmoja. Mizizi mizuri kuliko yangu yote, mwanaharamu huyu.

Gari la Irma linapiga honi getini. Ataniuliza imeingiaje.

Saa mbili tu aliomba Bebo. Na nyama niliyodai inakauka haikuwa hata imeiva.